Mgeni Aliyekaribishwa kwa Simu

Geti lilifunguka mchana kweupe, na hakuna mtu aliyeingia.

Mwavita alikuwa barazani akichambua sombe, majani ya muhogo. Alisikia kufuli la umeme likilia, akaona bati la geti likisogea kiasi cha mtu kupita, likatulia, kisha likarudi mahali pake. Njia ya nje ilikuwa tupu. Juu ya mlango, kwenye kipaza sauti cha kamera, sauti ya mumewe ilikuwa bado inamalizia mbwembwe zake.

"Karibu, karibu sana. Ingia ndani, upumzike. Mwenye nyumba ni mimi."

"Unakaribisha nani?" Mwavita aliiuliza kamera.

"Kuko mutu amebisha hodi. Haukusikia?"

"Hakuna mutu. Niko hapa tangu asubuhi."

"Basi amejiendea. Wewe endelea na sombe yako."

Nyuma ya sauti hiyo wanaume walicheka. Ni wale wa soko la Birere, waliokuwa wakishinda kwenye benchi mbele ya duka la vitenge la Yuma, wakinywa chai yake na kusifia kila alichosema. Mwavita alikuwa akiwajua kwa vicheko tu, na hata hivyo vilimtosha.

Yuma alikuwa mtu wa kununua kitu ili aonwe nacho. Siku alipoleta kamera alimfukuza mlinzi wa geti, mzee aliyekuwa amewatumikia tangu nyumba yao ya Keshero ilipojengwa, akamwambia kwamba mlinzi wa zamu analala lakini simu hailali. Tangu hapo akawa anafungua geti mwenyewe akiwa dukani, kwa kidole, mbele ya mashabiki wake. Kamera zilikuwa nne: getini, barazani, sebuleni na, aibu ya aibu, chumbani, eti kwa sababu marobota ya vitenge yalikuwa yamewekwa humo.

Aliyezifunga ni Donat, kijana wa maneno mengi na kazi kidogo. Aliacha namba ya siri ileile ambayo kamera zilitoka nayo kiwandani, akaifungulia mitambo mlango mpana kwenye intaneti ili bosi asisumbuke kuingia.

"Sasa kila mutu mwenye kujua hiyo code anatuona?" Mwavita alimuuliza siku hiyo.

"Mama, ni mambo ya rezo haya, ya mtandao," Donat alisema huku akikunja waya. "Usijichoshe kichwa."

Yuma aliigawa namba hiyo kwenye benchi kama anayegawa karanga. Idriss, muuza viatu wa jirani, alikuwa nayo. Hata mchoma nyama alikuwa nayo. Na kwa kuwa intaneti ya Keshero hutembea kwa kuchechemea, sauti ya hodi ilifika dukani kwanza, picha ikafuata baadaye. Mtu mwenye akili angesubiri aone uso wa anayebisha. Yuma hakuweza kuacha hodi ipoe mbele ya wenzake, kwa hiyo alikaribisha kwanza, akatazama baadaye, na siku hiyo alipotazama aliona njia tupu, akacheka.

Kabla sombe haijaiva, nyumba ilianza kunuka. Ilikuwa harufu ya jiwe la moto lililomwagiwa maji, kali, ya kukwaruza koo. Mwavita alipiga deki, akafungua madirisha, akachoma udi. Harufu haikutoka. Ilihama tu, kutoka ukumbini kwenda sebuleni, nayo ilikwenda taratibu.

Kamera ya sebuleni ilikuwa ya aina inayogeuza kichwa kumfuata mtu. Mwavita alikuwa amesimama ukutani na kitambaa mkononi alipoisikia ikianza kulia, nyii, nyii. Ilimpita. Ilifuata ukingo wa meza, ikasimama kidogo penye picha ya harusi, ikaendelea hadi mlango wa ukumbi, kwa mwendo wa mtu anayekagua nyumba aliyopewa. Ilipofika mwisho wa shingo yake ikanyamaza, na palepale, nyuma ya mlango wa chumbani uliofungwa, kamera ya chumbani ikaanza kulia.

Alipofungua mlango, ile kamera ilikuwa imeinamia kitanda. Upande wa Yuma, godoro lilikuwa limebonyea.

Mwavita aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Alikuwa bado ameshika kitasa simu yake ilipoita.

"Nani huyo amekaa kwa kitanda yangu?" Yuma aliuliza. Hakukuwa na kicheko nyuma yake sasa.

"Unaona mutu?"

"Niko naona mwanaume. Amenipa mugongo. Na wewe umesimama mbele yake."

"Yuma, mimi sioni mutu. Naona godoro imeshuka. Kuya hapa, kuya sasa hivi."

"Ju ya nini nikuye? Naona yote hapa, kamera haidanganyi. Hata Idriss anaona."

Kutoka Birere hadi Keshero, pikipiki ingemfikisha kabla chai yake haijapoa. Hakuja. Mwavita alimjua mumewe: akimkuta mwanaume itabidi apigane, na Yuma alikuwa mpiganaji wa mdomo. Alikuja baada ya duka kufungwa, akasimama uani, akapaza sauti ili majirani wasikie, akachungulia chumba kwa shingo tu. Kisha akasema neno alilokuwa amekuja nalo tayari.

"Ijumaa nitaita baba zako wakubwa. Kama haujanionyesha ule mutu ni nani, nitakupa talaka mbele yao. Batu bote ba Birere bamekuona."

Hilo ndilo lililomkata Mwavita. Alikuwa amezaa na kulea katika nyumba ile, na heshima yake ilikuwa imewekwa mikononi mwa muuza viatu na mchoma nyama. Alimdharau Yuma tangu zamani kwa mambo madogo madogo. Usiku huo alimdharau kwa jumla. Lakini jina lake alilitaka lirudi safi, na kwa hilo hakuwa tayari kulegea.

Kesho yake alimwita Donat. Donat alisikiliza nusu, akatabasamu.

"Hiyo ni batu ba intaneti, mama. Mutu fulani ameingia ndani ya kamera, anabachezea picha. Ni ule mulango wa rezo, ulibaki wazi."

"Nani aliuacha wazi?"

Donat alipanda ngazi, akabadilisha namba za siri, akafunga ule mlango mpana, akaweka njia ya siri ambayo simu mbili tu zingepita: ya Yuma na, kwa amri ya Mwavita, ya Mwavita mwenyewe. Wale wa benchi wote wakafungiwa nje. Akajaribu kwa simu ya Mwavita, kifua mbele.

"Sasa iko sécurisé. Hata nzi hapiti."

Simu ilitetemeka mkononi mwake: mtu ameonekana sebuleni. Donat akatazama. Alijiona mwenyewe kwenye kioo cha simu, na ngazi yake, na nyuma yake, kwenye kochi ambalo visigino vyake vilikuwa karibu kuligusa, mgongo mpana wa mtu aliyeketi akisubiri kazi iishe. Harufu ya jiwe ikampanda puani. Hakugeuka. Aliiweka simu mezani kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu mwenye mwili, akatoka kinyumenyume hadi getini, na ngazi yake akaiacha.

Basi Mwavita akaenda kumchukua Mama Sumaya, mganga kutoka Kasongo, mwanamke mnene asiyependa maneno. Sumaya alifika kizingitini, akanusa, akakataa kuingia.

"Huyu hakuvunja nyumba," alisema kwa sauti ndogo. "Hiki ni kijini cha mawe ya hapa, haya ya volkano, kinapitaka na njia yake kila siku. Nani alikiambia kiingie?"

Mwavita alimweleza. Sumaya akamtazama kama anayesikia habari za mtu aliyeoga na viatu.

"Alikaribisha mutu hajamuona?"

"Alikuwa Birere. Kwa simu."

"Mmh. Sikia, mama. Mugeni mwenye kukaribishwa habafukuzi. Banamusindikiza. Wewe ukimaliza kupokea mutu, si unatembea naye mpaka njiani? Na huyu ni vile. Bwana yako akuye na miguu yake, aseme kwaheri, atembee naye mpaka nje ya geti, asigeuke. Itaisha."

"Na kama anakataa?"

"Mugeni akikaa sana bila mwenyeji kufika, ataanza kujiona mwenyeji," alisema Sumaya, akaondoka bila kugusa maji aliyopewa.

Yuma, ambaye tangu usiku ule alikuwa akilala dukani, aliposikia alicheka, lakini kicheko kilimtoka kikavu. Kusindikiza? Atafanya. Ila kwa simu, kwa sababu ana wateja. Mwavita alimsihi, akamweleza kwamba hakuna mtu anayesindikizwa kwa mdomo, kwamba ni hatua chache tu kutoka chumbani hadi getini na kesho ni Ijumaa. Yuma akamjibu kwamba aliyemleta kwa simu atamtoa kwa simu, na wenzake kwenye benchi wakaona hiyo ni hoja.

Mchana huohuo kipaza sauti kikaamka. "Mugeni, nakushukuru. Nakusindikiza. Enda sasa, geti iko wazi."

Mwavita alikuwa amesimama ukumbini. Alisikia kufuli la geti likilia kule nje, akasikia godoro likinyanyuka chumbani, na miguu yenye maji ikishuka kwenye vigae, ikaja hadi usawa wake, ikasimama, na joto likampiga shavuni kama anayefunua sufuria, na akangoja, bila pumzi, akiomba miguu ile iende mbele, iende tu nje kwenye jua na mawe yake, lakini mbele hapakuwa na mtu wa kutembea naye, hapakuwa na mwenyeji, palikuwa na sauti peke yake ikirudia enda, enda, kutoka juu ya mlango, na miguu ile ikageuka, ikarudi chumbani polepole, na kabati likafunguliwa, na vibanio vya nguo za Yuma vikaanza kugongana kimoja baada ya kingine kama vya mtu anayechagua.

Alichukua mtandio na kadi yake ya kitambulisho, akaenda mtaa wa Mapendo kwa dada yake Aziza.

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, wakiwa jikoni, simu iliita. Yuma alikuwa ananong'ona.

"Mwavita. Uko wapi?"

"Kwa Aziza. Tunangojea baba wakubwa, kama ulivyosema."

"Achana na hayo. Fungua kamera. Ya salon."

Alifungua. Sebuleni alikuwa ameketi Yuma. Alikuwa na shati la buluu la Yuma, kofia ya Yuma, tumbo la Yuma, mguu mmoja juu ya mwingine. Safari hii uso ulitazama kamera, na kamera haikumfuata tena wala simu haikutoa onyo, kwa kuwa ilikuwa imefundishwa kutomhesabu mwenye nyumba.

Kwenye simu, Mwavita alisikia sauti ya Idriss. Ilikuwa ya mtu anayejitahidi kuwa mpole.

"Yuma, kama wewe uko kule nyumbani, huyu tunakaa naye hapa ni nani?"

"Ni mimi! Idriss, ni mimi." Kisha, karibu na kinywa cha simu: "Mwavita, baambie. Baambie ni mimi. Wewe unanijua."

Mwavita alimhurumia kidogo sana. Alifikiria marobota, benchi, mgongo ule ulioonyeshwa watu.

"Enda nyumbani," alisema. "Enda na hao batu bako wote, usimame mbele yake. Hakuna njia ingine."

"Siwezi. Mwavita, siwezi."

"Basi mimi nitasema nini? Kwa kamera naona bwana yangu amekaa kwake. Na wewe ulisema kamera haidanganyi."

Aziza aliweka bugali mezani. Kule Birere benchi lilikwaruza sakafu, mtu akainuka, kisha mwingine, viatu vikaenda zake kwa haraka bila kuaga, na Yuma akaendelea kuwaita kwa majina, mmoja mmoja, hadi ikasikika pumzi yake peke yake.

Mwavita akakata simu, akanawa mikono.