Kadija na Buji Nyeusi

Kadija, mke wa Alfani, alikuwa mtu wa kuuliza. Redio ikinyamaza, alitaka kujua sauti imekwenda wapi. Mama yake alichoka naye tangu utoto, na sasa zamu ilikuwa ya mume wake.

Walikaa mtaa wa Manika, katika mji wa migodi wa Kolwezi. Alfani alikuwa na pikipiki nyekundu. Ilikuwa kuukuu lakini iling'aa, maana aliipangusa kila jioni. Hakutaka mtu mwingine aiguse. Kila asubuhi na mapema alifunga vikapu viwili vya mikate nyuma ya kiti, akavipeleka kwenye kantini ya wafanyakazi, upande wa mgodi wa Mashamba. Mikate ilitoka kwa Kisimba, mwenye tanuri. Ilipaswa kufika kabla ya saa kumi na mbili, ili wafanyakazi wapate kula kabla ya kuingia kazini. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba ya Alfani.

Kiangazi cha mwaka ule wa 1984 kilikuwa na vumbi kupita kiasi. Malori yalipita, na vumbi likaingia hadi ndani ya sufuria. Siku moja, Alfani akiwa amelala mchana, Kadija alifungua kifuniko cha ubavuni mwa pikipiki. Alitaka kuona tu. Ndani aliona tundu, na tundu limejaa vumbi. Masikini, pikipiki inakula vumbi hivi! Akachukua kipande cha kitambaa cha kikwembe, akakikunja mara mbili, akakishona vizuri na kulifunika lile tundu. Akarudisha kifuniko. Hakumwambia mume wake.

Wiki hiyohiyo pikipiki ilianza kukohoa. Ilitoa moshi mweusi, ikapanda kilima kwa shida, kisha ikazima njiani. Alfani aliisukuma mpaka kantini. Mikate ilifika wafanyakazi wameshaondoka. Siku tatu baadaye ikawa vilevile.

Kisimba alikuja mwenyewe nyumbani.

"Citoyen Alfani," alisema, akimwita "raia" kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, "mara mbili batu balienda kazi na njaa. Ikifika mara ya tatu, nitatafuta mutu mwingine. Hapana kukasirika na mi."

Alfani aliitazama pikipiki. Fundi wa sokoni alikwisha kumuuzia buji mpya, plagi ya injini, na hiyo nayo haikusaidia kitu. Usingizi na chakula vilimkimbia.

"Twende kwa tata Ngeleka," alisema Kadija.

Mzee Ngeleka alikuwa jirani yao. Kwa miaka mingi alitengeneza malori ya mgodi. Walipomwita, alikuja na spana moja tu mfukoni, aliyoiita ufunguo.

"Kwanza tungoje motere ipoe," alisema. "Na Alfani, zima ile sigara. Hatucheze na esansi," akaongeza, akionyesha tangi la petroli.

Injini ilipopoa, alipangusa vumbi juu yake. Akachomoa waya mmoja mnene wenye kofia ya mpira, kisha akafungua kichuma kidogo chenye shingo nyeupe.

"Ile inafanya kazi gani, tata?" aliuliza Kadija.

"Ile njo buji, mama. Inapiga moto kidogo. Ule moto unaunguza esansi ndani, na pikipiki inatembea."

"Tunaweza kuuona ule moto?"

Ngeleka alicheka. Katika maisha yake yote ya kazi, hakuna mtu aliyewahi kumwomba amwonyeshe moto wa buji.

"Utauona. Lakini angalia kwanza rangi. Buji muzuri iko na rangi ya biskiti. Hii yenu iko nyeusi kama chini ya chungu. Mama, leta brosi ya meno ya zamani."

Kadija aliisugua buji mwenyewe kwa esansi kidogo, hadi weusi ukatoka. Ngeleka akamwonyesha nafasi ndogo iliyo kwenye ncha yake. Isizidi unene wa ukucha, alisema, wala isizibe.

"Sasa tuipige moto?"

"Pole pole, mama! Ikauke kabisa. Na ile kopo ya esansi, ipeleke mbali."

Buji ilipokauka, Ngeleka aliirudisha ndani ya kofia yake ya mpira. Akailaza juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake.

"Hapana kugusa kichuma. Alfani, piga teke."

Alfani alipiga teke pedali ya kuwashia. Cheche ndogo ya buluu ikaruka kwenye ncha, tak!

"Tena!" alisema Kadija.

Alfani alipiga tena, na tena, mpaka jasho likamtoka.

"Inatosha, bibi yangu! Hii haiko sinema."

Ngeleka alimpa Kadija buji airudishe mahali pake.

"Anza na bidole," alisema. "Ikikataa, toa, anza tena. Ukiilazimisha na ufunguo, utaharibu njia yake. Mwisho tu njo ufunguo."

Pikipiki iliwaka mara moja. Alfani nusura amkumbatie mzee wa watu.

Lakini furaha ilikuwa ya siku mbili. Jioni ya siku ya pili moshi mweusi ulirudi. Alfani alifungua buji. Ilikuwa nyeusi tii. Akaenda kumwita Ngeleka mbiombio, maana kesho kulikuwa na mikate.

Ngeleka aliigeuza buji mkononi. "Hii haina kosa," alisema. "Inatuambia tu. Esansi inaingia mingi, ao hewa inaingia kidogo. Pikipiki nayo inapumua, kama sisi."

"Inapumua wapi?" aliuliza Kadija.

"Hapa, ku ubavu. Nyuma ya hiki kifuniko."

Kadija alikitambua kifuniko. Kumbe lilikuwa lile tundu! Wanaume wote wawili walirudi kuitazama buji. Angeweza kungoja usiku, akakitoa kile kitambaa polepole, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama mume wake alivyokonda wiki ile. Akachuchumaa, akafungua kifuniko, akakitoa kitambaa kikiwa kizito kwa vumbi.

"Ni mi njo niliweka," alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliona inakula vumbi. Niliihurumia. Unisamehe, Alfani."

Alfani alikichukua kitambaa. Alitazama ule mshono ulivyonyooka.

"Uliishonea nguo pikipiki yangu?"

"Ndiyo."

Ngeleka ndiye aliyeanza kucheka. Alfani alijizuia kidogo, kisha naye akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hukukosea kuogopa vumbi," alisema Ngeleka. "Lakini pikipiki iko tayari na kitambaa chake. Angalia."

Kutoka ndani ya tundu alitoa sponji jeusi. Hiyo ndiyo filta ya hewa. Kadija aliiosha kwa maji na sabuni, akaikamua bila kuisokota, akaianika mpaka ikakauka. Ngeleka akaitia matone ya mafuta ya injini, ili vumbi linase humo.

"Kiangazi, muioshe kila wiki," alisema.

Kesho yake mikate ilifika kantini ingali na joto. Alfani hakuchelewa tena msimu ule, na Kisimba hakutafuta mtu mwingine.

Kile kitambaa Kadija alikifua, akakishona mfuko. Ndani yake mna ufunguo, brosi na buji ya akiba. Pikipiki ya mtu ikizima mbele ya nyumba yao, Alfani hamwelekezi kwa fundi wa sokoni. Anasimama mlangoni na kuita:

"Kadija! Kuja uulize hii nayo iko na nini!"