Maji ya Brashi

Siku ya tatu rangi ilikuwa bado haijakauka. Mwalimu Wenceslaus aliugusa mchoro wa mbuzi kwa ncha ya kidole, na kidole kikarudi na ute mzito, wa vuguvugu, unaovutika kama uzi wa bamia. Alinusa. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu mwenye homa.

Joto la Mbuchi, kijiji cha delta, hukausha rangi ya maji kabla hujafunga chupa. Alilijua hilo, maana tangu ahamishiwe hapa kutoka Ngara, miaka minne sasa, hakuna siku iliyopita bila kuchora: wapiga zumari harusini, paka wa majirani, wanawake wakitwanga mpunga. Watu walishamzoea. Penye ngoma walimtandikia mkeka mapema, kama wanavyomwekea mgeni wa heshima.

Jumamosi alasiri alikuwa amekaa nyumbani kwa Mudy, mpiga chapuo, ile ngoma ndogo, ambako ngoma ilichezwa ili kumtoa pepo dada yake, Zuhra.

"Mwalimu, nitie na misuli basi," Mudy alimwambia kati ya mapigo. "Nikimtumia mchumba hiyo picha asiulize huku nakula nini."

Alimchora mikono, misuli kidogo. Akamchora mbuzi aliyechinjwa, ulimi nje, nzi juu ya jicho. Akamchora paka wa kijivu aliyekuja kulamba damu, jicho moja limezibwa na matongotongo. Hapo chupa yake ya maji ikapinduka. Pembeni palikuwa na sahani nyeupe yenye maji ya rangi ya chai nyepesi, na kwa kuwa hakuna aliyeitazama, na mkono ulikuwa umeshika ile kasi ambayo mchoraji huogopa kuipoteza, akasuuza brashi humo. Mara tatu.

Muda si mrefu Bi Muzdalifa, fundi wa ngoma, aliinua sahani ileile akamnywesha Zuhra mpaka tone la mwisho. Ndipo Wenceslaus alipokumbuka aliyowahi kuelezwa: watu wa huku huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, huziosha kwa maji, na mgonjwa huyanywa. Kombe. Alifungua kinywa aseme. Watu walikuwa wakishangilia. Akakifunga, na sidhani kama ni wengi kati yetu ambao wasingekifunga.

Jumanne alipotoka shule, akiwa bado anafuta kidole kile, Mudy alibisha hodi.

"Mwalimu, twende ukamtazame dada." Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu amelala. "Hajala tangu Jumamosi. Zahanati wamempa dawa, anazitapika. Na hicho anachotapika..."

"Anatapika nini?"

"Njoo uone mwenyewe, wewe msomi. Jana nimemkuta amembeba mtoto wake kwa meno. Hapa." Mudy alijishika nyuma ya shingo. "Mwalimu, dada yangu anakwisha."

Jua lilikuwa kali nje, lakini chumba kilikuwa na giza, na kabla macho hayajazoea ulisikika mlio, kucha zikigonga ubao wa kitanda, ta-ta-tum, mdundo uleule wa Mudy, mkono wa kushoto ukichelewa kidogo kama Mudy anavyouchelewesha wake, na nyuma ya mlio ikaja harufu ya tumbo la mnyama lililopasuliwa likaachwa juani, na alipoinama aliona taya ya Zuhra ikienda upande, ikirudi, ikienda tena upande, ikitafuna kitu alichokicheua, ute wa kijani ukimteremka kidevuni hadi kifuani, jicho moja limegandishwa na tongotongo la njano na lingine limekodoka bila kupepesa, na juu ya weupe wa jicho hilo nzi akitembea, akisimama, akisugua miguu yake, na Zuhra hamfukuzi.

Akakohoa mara mbili. Akatema kwenye beseni bonge la manyoya lililolowa, la kijivu, lenye mistari minne.

Paka yule alikuwa na mistari mingi. Wenceslaus alimchorea minne, kwa uvivu.

"Ni mimi," alisema. "Nilisuuza brashi kwenye kombe."

"Umefanya nini?" Mudy aliuliza.

"Sikujua kama ni kombe."

"Ukaja kujua lini?"

Alitamani aulizwe jambo lingine lolote. "Alipokuwa anakunywa."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Bi Muzdalifa, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, hakupandisha sauti. "Pepo huyu alikuwa upepo tu, mwanangu, ndiyo maana tulitaraji atoke. Wewe umemtilia meno na manyoya na mikono. Sasa atapenya wapi?"

"Nikichome kitabu changu cha michoro?"

"Ukikichoma unamchoma Zuhra. Osha karatasi zote tatu sahanini, kisha uyanywe maji yake wewe uliyechora. Yote, na machicha yake."

"Bibi, mimi ni Mkristo."

"Sikukuuliza dini. Humo hamtakuwa na aya hata moja. Ni michoro yako tu."

Hakuna aliyemshika. Mlango ulikuwa wazi, na boti ya kutoka delta ilikuwa iondoke kesho asubuhi. Mtoto alilala mkekani kifudifudi, na shingoni alikuwa na vidonda vidogo vya meno, viwili viwili, vimeanza kutoa maji. Wenceslaus alikwenda nyumbani akarudi na kitabu.

Rangi ilitoka kwenye karatasi kama kamasi. Maji yalikuwa mazito, yana joto, na juu yake pameelea utando uliojikunja alipoupulizia. Funda la kwanza lilikuwa na chumvi. La pili lilikuwa na nywele, nazo zikamnasa kooni, akalazimika kuzisukuma kwa kidole mpaka zikapita. La tatu lilijisogeza lenyewe. Macho yakimtoka machozi, alikomba machicha kwa ulimi, akaiweka sahani chini ikiwa safi.

Kucha zilinyamaza. Zuhra alifunga mdomo, akapepesa, nzi akaruka.

"Mudy," alisema kwa sauti iliyokauka, "nipikie uji, ndugu yangu. Na mtoto yuko wapi?"

Mudy alikaa chini akalia waziwazi. Wenceslaus alijifuta kidevu, akataka kuinuka.

"Kaa, Mwalimu," Bi Muzdalifa alisema, akitia ubani kwenye chetezo na kukisogeza mbele yake. "Hatumruhusu mtu aondoke kabla hatujamuuliza jina yule aliyemo ndani yake." Akamtazama moja kwa moja machoni, bila ukali. "Wewe nani?"

Nyumba hiyo ilimfahamu kwa miaka minne. Alitabasamu, akafungua kinywa kusema Wenceslaus, akangoja, pamoja nao, kusikia kitakachotoka.