Jiwe la Melkiori

Cheka. Meno unayo, cheka. Wewe uliyezaliwa sukari imejaa madukani utajua nini? Kaa hapo, usinikatize.

Enzi za Ujamaa, hapa Kariakoo, duka la ushirika lilifunguliwa likipenda. Aliyechoka kusimama foleni aliweka jiwe mahali pake, akaenda zake, na hakuna aliyelisogeza. Jiwe lilikuwa mtu. Mwenye jiwe husubiri mpaka aitwe.

Winifrida, binti wa miaka kumi na saba, alikuwa ameachwa na Wilbert. Asubuhi moja Wilbert akaja foleni kamshika mkono Candida. Winifrida akaokota jiwe jeusi, akaliweka kando ya lake.

"La nani hilo?" Candida akauliza.

"La mchumba wangu, Melkiori."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipopata akili."

Foleni nzima ikacheka, isipokuwa Wilbert, na ndicho Winifrida alichotaka: aone wivu, arudi. Melkiori hakuwepo duniani.

Kesho yake mawe yote yalikuwa baridi kwa umande. Lile jeusi lilikuwa la moto.

Siku ya tatu kijana mrefu mwenye shati jeupe akaja, akasimama penye jiwe, akinuka udi. "Mimi Melkiori," akasema. Jua la asubuhi lilitupa ukutani kivuli cha kila mtu. Chake hakikuwapo.

"Wini," Wilbert akanong'ona, "mbona huyo wako hapepesi macho?"

Tangu hapo, kila mchana, Winifrida alisikia jiwe likijiburuta juu ya sakafu, kwanza uani, kisha ukumbini, kisha nyuma ya pazia la chumba chake, na harufu ya udi ikitangulia, ikimkaa kooni, hata akimeza mate anameza udi.

Jumapili Wilbert alikuja mwenyewe kuomba msamaha. Wakaingia chumbani, wakalikuta lile jini, Melkiori, limeketi kitandani, jiwe mapajani.

"Ulinitaja mbele ya watu," likasema jini. "Simama twende kwetu."

"Wini, liambie ulikuwa unaniringishia mimi! Nirudie, Candida nimemwacha!"

Winifrida akalinyakua lile jiwe, likamuunguza kiganja, akalitua sakafuni.

"Hukuja kuposa wewe. Ulikuja foleni. Jiwe lako hilo. Subiri uitwe."

Jini likamtazama sana. Kisha likainuka, likaenda kusimama nyuma ya jiwe lake, kama mtu yeyote wa Kariakoo.

Winifrida akainama, akalitoa jiwe lililozuia mlango usijifunge, akaliweka nyuma ya lile jeusi.

"Na wewe Wilbert, nyuma yake."

"Wini! Unaniacha na hili?"

"Usimruke mwenzio. Sijaita mtu."

Akatoka, akafunga mlango.