Fundi Aliyeogopa Mashine ya Meno

Majirani zangu, mwenye redio aipunguze sauti kidogo, maana haya ninayotaka kusema sitayasema mara mbili. Nina hasira, na aliyenipandisha hasira ni ndugu yangu wa tumbo moja: mdogo wangu, yule mnayemwita Fundi Cheche.

Nyumba yake na yangu zimepakana, ukuta kwa ukuta. Ilikuwa nyumba ya kutamaniwa. Asubuhi mkewe, wifi yangu, alifagia uwanja huku akiimba. Yeye ni mwalimu wa chekechea na nyimbo za watoto hazikumkauka mdomoni. Mdogo wangu alikunywa chai mlangoni, binti yao akimtania kwamba ndevu zimeungua tena. Kisha baba alivuka barabara kwenda karakana yake, ambako hutengeneza mageti na madirisha ya chuma, na amani ya mtaa ikaishia hapo. Akishawasha ile mashine ya kukatia vyuma, kutwa nzima tulisemezana kwa ishara. Macho aliyavalisha miwani. Masikio je? Kofia ya sufu, tena siku za baridi tu.

Ndani ya nyumba ile kila mtu alipaza sauti. Televisheni yao niliifuatilia nikiwa jikoni kwangu. Binti akija kuazima chumvi aliomba kama mnadi sokoni, nami nilimwambia, "Shangazi hajafa, mama, punguza." Tulicheka tu. Tulidhani ndiyo tabia ya nyumba.

Siku moja wifi alimshawishi mumewe waende pamoja kwa daktari wa meno, kwa sababu wote wawili fizi zilikuwa zinatoka damu wakipiga mswaki. Mdogo wangu alisafishwa meno kwa mashine siku hiyohiyo. Wifi yeye alikutwa na ukoga uliogeuka jiwe, na jino la nyuma limeanza kuoza. Akaambiwa arudi wiki inayofuata asafishwe na jino lizibwe. Jambo dogo, lenye tiba.

Waliporudi, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Karakana imefungwa, televisheni imezima. Fundi akajilaza sebuleni katika kimya ambacho sidhani alikuwa amekionja tangu aanze ufundi. Mara nikasikia ukelele, nikakimbilia kwao.

"Dada, masikio yanalia!" alisema, ameyashika kwa mikono miwili. "Yanapiga mluzi, hayanyamazi! Ni ile mashine ya daktari. Ilikuwa inalia ndani ya fuvu langu, ndani kabisa!"

Simcheki kwa hofu yake. Mashine ile inatoa mlio mkali kweli, na mtetemo wake unapita kwenye meno hadi kwenye mifupa ya kichwa. Kuogopa ni haki ya mtu, na mlio usiokoma masikioni ni mateso. Nilimwona akikosa raha hata ya kula. Kinachoniudhi mpaka leo ni alichokifanya na hofu hiyo. Hakurudi kwa daktari kuuliza. Hakwenda kupimwa masikio. Alikwenda kwa kinyozi.

Kwa kinyozi maneno yalivimba. Aliyeingia asubuhi alisikia fundi masikio yanamlia. Aliyeingia jioni alisikia fundi amekuwa kiziwi na daktari amekimbia. Kinyozi mwenyewe, mashine yake ya kunyolea ikinguruma pembeni ya sikio la mteja, alitoa hukumu: "Lisemwalo lipo." Mkatikisa vichwa. Na nyie mlioahirisha kusafisha meno yenu kwa ajili ya hukumu hiyo, mnajijua.

Siku ya wifi kurudi kwa daktari ilipofika, nilipitia kwao ili nimsindikize. Nilimkuta amevaa, mkoba mkononi, mumewe amesimama mlangoni.

"Huendi," alimwambia.

"Jino linaniuma, baba."

"Bora jino kuliko masikio. Unataka tuwe viziwi wawili humu ndani? Mtoto akiita usiku nani atamsikia?"

Nilishindwa kuvumilia. "Wewe unakata chuma kutwa nzima, leo unaogopa kimashine chembamba kama kalamu?"

"Dada, chuma nimekizoea. Masikio yangu yanakijua."

Yanakijua! Kama vile kelele ni mbwa wa kufugwa, ukimzoea hakuumi. Nikafungua kinywa nimpe zake, lakini wifi alishaweka mkoba juu ya meza.

"Basi, wifi, tusigombane," alisema. "Nitasukutua kwa maji ya chumvi."

Akasukutua. Wiki zikapita, maumivu yakija na kuondoka. Akawa anatafuna upande mmoja, anameza vidonge vya maumivu kama karanga, na asubuhi anafagia kimya. Nilimwambia, "Twende mimi na wewe, yeye akiwa kazini. Hatajua." Akakataa. "Nataka akubali mwenyewe, wifi. Sitaki kesho aniambie nilimdharau." Nilirudi kwangu nimeuma meno kwa hasira. Kila nilipomkabili mdogo wangu, alinijibu lilelile: masikio, masikio, masikio. Mdomo wa mkewe hakuuona.

Asubuhi moja binti yao aligonga mlango wangu, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, mama hawezi kumeza." Nilikimbia bila viatu. Wifi alikuwa ameketi kitandani, taya na shingo vimevimba na kuwa vigumu kama ubao. Mdomo haufunguki. Mate yalikuwa yanamtiririka, anayafuta kwa taulo, na kila pumzi anaivuta kwa kazi. Mume anazunguka chumba. "Jana alikuwa na nafuu," alisema. "Jana alikuwa na nafuu."

"Tafuta gari!" nilimfokea. Mara hiyo alinisikia.

Hospitalini daktari alimtazama mgonjwa, kisha akatugeukia. "Kwa nini mmemchelewesha hivi? Usaha wa jino umeshuka shingoni. Ukisogea kidogo tu utaziba njia ya hewa."

Wifi aliingizwa chumba cha upasuaji, akapasuliwa chini ya taya usaha utoke, na meno ya nyuma ya upande ule yakang'olewa. Sisi tulikaa kwenye benchi nje. Mdogo wangu alilia kama mtoto.

"Dada, akifa?"

Nawaambia ukweli, nilichokuwa nacho ni kofi, nikalizuia kwa sababu ya watu.

Mungu akamnusuru. Alipoanza kupata ahueni wodini, nilimshika mdogo wangu mkono nikamkokota hadi kwa daktari wa masikio, hospitali ileile. Daktari, mama mmoja mpole, alimwingiza kwenye chumba kidogo cha kimya, akamvika vipokea sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Mdogo wangu akatoka kifua mbele.

"Nimesikia yote."

"Umesikia nusu," daktari alisema. "Unafanya kazi gani, baba?"

"Nakata na kuchomelea vyuma."

"Masikio unayafunika?"

"Nimeshazoea, daktari."

"Sikio halizoei. Linakufa polepole, na halikuagi. Milio myembamba huisikii tena, na hali hii haikuja kwa siku moja. Ni kelele za miaka."

"Lakini mlio ulianza siku niliyosafishwa meno!"

"Ulianza, au ndiyo siku uliyoupata kuusikia? Nyumba ilikuwaje siku hiyo?"

"Umeme ulikuwa umekatika," alisema mdogo wangu. "Kulikuwa kimya."

"Sitakuapia kwamba mashine ya meno haikukuchokoza hata kidogo," daktari aliendelea. "Sikio lililochoka huchokozeka. Ungemwambia daktari wa meno, angekupa vizibo vya masikio, angekupumzisha katikati, angeweza hata kukukwangua meno kwa vifaa vya mkono visivyolia. Ulimwambia?"

"Hapana."

"Ulimwambia nani?"

Nikajibu mimi: "Kinyozi."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chake ni ile mashine ya kukatia vyuma, ilikuwa inaning'inia karakanani, anaifuta vumbi kila jioni.

Wifi amerudi nyumbani, mmemwona. Ana kovu chini ya taya, na mdomo wake haufunguki kama zamani. Darasani anawaachia watoto waimbe, yeye anapiga makofi. Kidonda kilipopona, daktari wa meno alimwita asafishwe meno yaliyobaki, na safari hii mume aliomba kuingia naye. Mimi nilisimama karibu na mlango.

Daktari alimpa wifi vizibo vya masikio, akamwambia, "Ukiona karaha inua mkono, nitasimama." Akawasha mashine. Ikalia. Mdogo wangu aligandamana na ukuta, macho ameyafumba, akingoja balaa. Balaa halikuja. Daktari alisimama, akaendelea, akasimama tena, akamaliza.

"Ndiyo hiyo tu?" mdogo wangu aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

Akaketi kwenye kiti cha pembeni. Machozi yakamtoka. "Nisamehe, mke wangu. Nilidhani ile sauti itakutisha."

Wifi alisukutua, akavitoa vile vizibo, akamtazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Sauti ya mashine haikunitisha hata siku moja. Niliyoiogopa ni ya kwako."

Mdogo wangu akainama mbele. "Umesemaje?"

Hakuwa amesikia. Mkewe hawezi tena kupaza sauti, na masikio ya mumewe hayaokoti tena sauti ya chini. Ikabidi wifi alirudie neno lile, polepole, mbele yetu sote, mpaka likaingia. Daktari aligeuka akajifanya anapanga vifaa.

MAFUNZO

Ndugu zangu, hofu ya mashine si ujinga. Ujinga ni kuipeleka hofu kwa kinyozi badala ya kumpelekea daktari. Mwambie kabla hajaanza: masikio yangu yana shida, naogopa mlio huu. Ataweza kukusaidia.

Na enyi wenye kazi za makelele, funikeni masikio. Mdogo wangu sasa anayafunika, lakini mlio wake bado upo, na daktari hakumwahidi kwamba utaondoka. Mkimwita karakanani asiitike, msiseme anaringa. Msogeleeni.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili, nalisema hasa kwa wenye sauti ya mwisho majumbani. Ukiogopa, ogopa kwa mwili wako. Usiogope kwa mwili wa mwenzako mpaka ukamwingiza kaburini.