Nimemkuta Anakimbia

"Emilian, fungua geti. Mkeo huyu hapa, nimemkuta anakimbia."

Bartolomeo, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amemshika Brigita mkono, kama mtu aliyeshika ndama wa jirani. Brigita alivaa raba, kanga juu ya suruali ya michezo, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Harusi yao ilikuwa haijamaliza hata mwezi.

Emilian aliweka chini vyuma vyake. Lilikuwa bomba la maji lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, na kila asubuhi alilinyanyua kabla ya kupanda lori la kwenda Mang'ola kupakia vitunguu. Kifua chake kilijaza shati.

"Alikuwa anakimbilia wapi?"

"Ndicho nilichomuuliza. Anasema haendi popote."

"Balozi, ni mazoezi," Brigita alisema. "Nafika darajani, nageuka, narudi."

"Mtu anakimbia mpaka mahali, halafu anarudi hajachukua kitu?"

Hakuwa anatania. Endabash ya mwaka 2006, mwanamke aliyeolewa akionekana anakimbia barabarani alfajiri, hana ndoo kichwani wala mtoto mgonjwa mgongoni, basi anamkimbia mume. Jirani mwema humkamata, humrudisha, na usuluhishi huanza. Balozi alikuwa jirani mwema. Alivuta kigoda akakaa.

"Mama, sema bila woga. Amekupiga?"

"Hapana."

"Anakunyima chakula?"

"Hapana, balozi."

"Ana mwanamke Mang'ola?"

Emilian alikohoa. "Balozi, jamani."

"Nauliza kwa mpangilio, bwana."

Alikunywa chai, akawausia wavumiliane, akaondoka. Emilian akamgeukia mkewe.

"Umeniaibisha."

"Wewe uliniona wapi mara ya kwanza? Si kwenye mbio za wilaya? Si ulinifuata na soda mkononi?"

"Ulikuwa msichana. Sasa ni mke wa mtu. Na umekonda, watu watasema kwa Emilian hakuliki."

"Mwili huo hata mimba haikai," alidakia mama mkwe, Mama Blandina, kutoka jikoni.

"Ukitaka mazoezi, vyuma hivi hapa. Vinajenga mwili."

"Vyuma na mbio vinakwenda pamoja, Emilian. Mwalimu Alex alitufundisha, leo unanyanyua, kesho unakimbia. Ukikimbia tu, magoti yanakufa. Ukinyanyua tu, unakuwa trekta isiyo na dizeli. Nguvu unayo, huendi popote."

"Alex tena, na timu yake ya Arusha."

Jioni ile geti likapigwa kufuli. Ufunguo ukafungwa kwenye pindo la kanga ya Mama Blandina, na hapo ukakaa, mchana na usiku.

Brigita akaanza kukimbia uani, akiizunguka nyumba. Mwanzoni alizunguka kwa hasira, na hasira ilimsukuma. Kisha ikamwishia. Barabarani mkimbiaji hujidanganya: nifike tu kwenye ule mti, nifike tu kwenye kile kibanda. Uani hapakuwa na cha kujidanganya nacho. Choo, jiko, banda la kuku, choo. Miguu ilichimba njia kuizunguka nyumba, kama ya mbuzi aliyefungwa kamba.

"Pumzika, mwanangu," Mama Blandina alimwambia. "Unanisikitisha hata kukutazama."

"Nifungulie basi, mama."

"Hapana."

Mwezi wa pili akaacha. Alilala hadi jua linaingia dirishani. Akiamka, alitazama ukuta wa tofali ambao Emilian aliujenga kwa fahari kabla ya harusi, na juu ya ukuta mawingu ya Ngorongoro yakienda zake. Vilibaki vyuma tu. Alivinyanyua mume akiwa Mang'ola, bila hamu, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

Simu ya nyumba ile ilikuwa ya Emilian, na mtandao ulipatikana dirishani tu. Jioni moja yeye akiwa anaoga, ikalia. Brigita akaisoma meseji:

"Emilian mambo. Mpe Brigita hongera kwa ujauzito. Nafasi yake kwenye timu ya Arusha nampa mwingine Jumatatu. Akijifungua salama tutaongea. Mwl. Alex."

Alisimama mlangoni mwa bafu, simu mkononi.

"Emilian, nina mimba?"

Maji yaliacha kumwagika. "Nani kasema?"

"Wewe."

Alitoka amejifunga taulo, povu bado shingoni.

"Nilitaka akuache tu."

"Mimba yenyewe iko wapi?"

"Itakuja."

"Yaani umenibebesha mtoto ambaye hayupo, ili nikose nafasi ambayo ipo."

"Ukienda Arusha utarudi?" Sauti yake ilishuka. "Watu wanaokimbia hawarudi, Brigita. Baba alituaga anakwenda Mto wa Mbu kununua ndizi. Nilikuwa darasa la pili. Mama bado anamtengea chakula cha Krismasi."

Jikoni, Mama Blandina aliacha kusonga ugali.

"Mimi si baba yako," Brigita alisema. "Mimi nilikuwa nafika darajani narudi. Nyinyi ndio mmenifundisha kutaka kwenda mbali."

Hakuna aliyekula usiku ule.

Asubuhi Mama Blandina alikuwa anakamua ng'ombe. Brigita alivaa raba, akalishika geti kwa juu, akajivuta. Siku ile ya balozi mikono yake isingeweza. Sasa iliweza. Kifua kikapita, kisha goti, akaangukia upande wa pili.

"Emilian," mama aliita. "Mkeo amekimbia."

"Kukimbia kupi?"

"Nitajuaje mimi? Amevaa raba."

Balozi Bartolomeo alikuwa shambani kando ya barabara. Akamwona anakuja.

"Mama, leo ni mazoezi au unakimbia?"

"Sijajua, balozi."

Balozi aliinua mkono amkamate, akaushusha. Kwa jibu lile hakuwa na swali la kufuata. Punde Emilian naye akatokea, shati wazi, anahema.

"Balozi, mbona hukumshika?"

"Si mliniambia ni mazoezi?"

Kilima cha kwenda Karatu kilimmaliza Emilian. Yule mtu anayetupa gunia la vitunguu kwenye lori kama mto wa kulalia alifika katikati ya kilima akapiga magoti, akatapika uji.

Brigita alikuwa kileleni. Lori likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa.

"Karatu, dada? Panda."

Mlango ulikuwa wazi. Brigita alitazama mbele, kisha akatazama chini. Mumewe alikuwa anapanda kilima kwa mikono na magoti, hamwiti, hapungi mkono, anapanda tu.

"Nenda, kaka," alimwambia dereva. "Mimi naenda kwa miguu."

Akashuka mpaka alipo Emilian.

"Pumua kwa pua. Usilale."

"Ungepanda lori."

"Bado yatapita mengine. Toa simu. Huku juu mtandao upo."

Emilian aliitoa mfukoni. Kisha akapiga.

"Mwalimu Alex? Emilian. Mke wangu hana mimba... Ndiyo. Nilidanganya... Hapana, sijalewa. Napumua vibaya tu, nimekimbia." Akasikiliza. Akakata.

"Anasemaje?"

"Nafasi ipo, ufike kabla ya Jumatatu. Na anasema mimi ni mjinga."

"Mbishie."

"Siwezi."

Brigita aliketi kando yake kwenye vumbi.

"Nisikilize. Vyuma vyako ndivyo vilivyonivusha geti. Umejenga mikono ya kunishika, lakini pumzi ya kunifuata huna. Nitakwenda Arusha na nitarudi, ila sirudi kwenye kufuli."

"Nikikaa nakungoja nitakufa kwa mawazo."

"Basi usikae. Kimbia."

"Mimi?"

"Amka."

Walishuka pamoja polepole. Walimkuta Mama Blandina getini. Alifungua pindo la kanga, akampa Brigita ufunguo, na siku hiyohiyo kufuli likahamia kwenye banda la kuku.

Brigita alikwenda Arusha, na mwisho wa mwezi alirudi nyumbani. Asubuhi ya pili alikuwa uani ananyanyua makopo ya zege, geti likagongwa.

"Brigita, mumeo huyu hapa. Nimemkuta anakimbia."

Balozi Bartolomeo alikuwa amemshika Emilian mkono juu ya kiwiko. Emilian amelowa jasho, anajitahidi kuficha kicheko.

"Alikuwa anakimbilia wapi, balozi?"

"Anasema haendi popote." Balozi alivuta kigoda, akakaa, akamgeukia Emilian. "Baba, sema bila woga. Amekupiga?"