Mashine Iliyotaka Mkono wa Mume Wangu

Kiwanda chetu cha kupasua magogo kipo nyuma ya nyumba. Ukifungua mlango wa jiko tu, unakutana na msumeno. Sahani zangu zina vumbi la mbao. Watoto wangu wana vumbi la mbao. Nimezoea. Mume wangu anapasua, mimi nauza. Mabaki tulikuwa tunayarundika ukutani: magome, vipande vilivyopinda, na yale mabanzi ya pembeni ya gogo.

Siku moja akaja mama mwenye bustani ya miche.

"Nisagieni mabaki haya," alisema. "Nataka chenga za ukubwa wa kidole, nifunike udongo wa miche yangu. Sitaki unga, unapeperuka. Mkiweza, nitachukua kila wiki."

Tulifurahi sana. Mume wangu akaenda kununua mashine ya kusaga mbao. Hasira zangu zilianzia hapo, na mpaka leo hazijapoa zote.

Mashine ile ikila kidogo, inakwama. Inanguruma, inatoa moshi, inatema nyuzi na unga. Na mume wangu, badala ya kuizima, anaingiza mkono kuchokonoa. Mkono, jamani! Ndani ya mashine inayozunguka!

Siku ya kwanza nilipiga kelele. Siku ya pili nilimrushia ndoo. Siku ya tatu mashine ilimshika shati. Kufumba na kufumbua, mkono wa shati ulichanika kutoka kwenye kifundo hadi begani. Mkono ulitoka mzima, lakini sijui ulitokaje. Nilikimbia nikazima injini mwenyewe.

"Baba Watoto, una mikono mingapi?"

"Mke wangu, usikuze mambo. Ni shati tu."

"Shati tu? Na kesho je? Itakuwa kidole tu?"

"Nikizima kila ikikwama, gunia moja halitajaa. Mama wa miche anasubiri."

"Asubiri! Akitaka mkono wako akafunikie miche, mwambie hauuzwi!"

Sikungoja jibu. Nilikwenda kwa jirani yetu, fundi wa mashine. Mtaa mzima unamwita Mama Grisi. Mdomo wake ni mkali kuliko wangu, na siku ile nilihitaji mtu wa namna hiyo.

Mama Grisi alikuja nami, akahakikisha mashine imesimama kabisa. Kisha akafungua kifuniko, akatoa nyuzi mbichi kiganja kizima.

"Nani alikuchagulia mashine hii, shemeji?"

"Mimi mwenyewe," mume wangu alisema. "Niliijaribu dukani. Ilisaga vizuri mno."

"Uliijaribu kwa mbao gani?"

Mume wangu akaanza kuangalia viatu vyake. Nikajua kuna jambo.

"Sema!" nikamwambia.

"Zile kavu. Zilizopigwa randa."

"Zile za kabati langu, zilizopotea?"

"Sasa mimi fundi mbao mzima niingie dukani na takataka? Watu wote wananiangalia? Watasema ndiyo kazi yangu."

Loo! Damu ilinichemka. Nilikuwa nimezitafuta mbao zile chumba hadi chumba. Kumbe mwenzangu amekwenda kuzisaga kwa sababu ya aibu!

Mama Grisi naye alipandisha sauti. "Shemeji, mashine huipelekei mbao za kuionyesha ufundi wako! Unaipelekea kile itakachokula kila siku. Peleka kibaya kuliko vyote. Kibichi, kilichopinda, chenye gome. Ikikishinda hicho, nunua."

"Kwa hiyo ameuziwa mashine mbovu?" niliuliza.

"Si mbovu. Hii ni mashine ya nyundo. Ndani kuna vyuma vinavyozunguka na kuponda. Mbao kavu inavunjika, inapita kwenye chujio. Mbao mbichi haivunjiki. Inabaki nyuzi, kama muwa uliotafunwa, halafu chujio linaziba. Hii ni ya mtu mwenye mbao kavu anayetaka unga. Ninyi mna mbao mbichi, na mteja wenu anataka chenga."

"Tutafute ipi?" mume wangu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ya visu. Visu vinakata mbao mbichi vipande. Lakini havipatani na misumari wala mawe, kwa hiyo mabaki yenye misumari wekeni kando. Angalieni pia kama injini ina nguvu ya kumaliza banzi lenu nene kuliko yote. Na ulizeni visu vipya vinapatikana wapi kabla hamjalipa."

"Na mkono wake?" nikadakia. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi!"

"Chagueni yenye mdomo mrefu kuliko mkono wa mtu, asivifikie visu. Iwe inavuta mbao yenyewe, na inairudisha nje ikikwama. Kitufe cha kuzimia kiwe karibu na anayelisha." Kisha akamgeukia mume wangu, kidole hewani. "Lakini hakuna mashine itakayomlinda mkaidi! Ikikwama, zima. Chomoa ufunguo. Subiri. Visu vinaendelea kuzunguka hata injini ikizimika. Na mashati ya mikono mipana kavalie harusini!"

Nilimweleza mama wa miche ukweli. Alinuna, lakini akakubali kusubiri. Mashine ya nyundo ikanunuliwa na watengeneza meza wa barabara ya pili. Wao wana mabaki makavu, na unga wanaugandamiza kuwa kuni. Walikuja na mabaki yao wenyewe kuijaribu. Nilimkazia mume wangu macho, akajifanya hanioni.

Safari ya pili ya dukani tulikwenda na Mama Grisi, na mzigo nilipakia mwenyewe. Mabanzi mabichi, yenye magome, yaliyopinda vibaya.

"Mama, haya hapana," muuzaji alisema. "Ninazo mbao zangu za kujaribia."

"Zako kajaribie kwako! Mimi nimekuja na zangu."

Mashine ya kwanza ilikwama palepale. Ya pili ilikata vipande vikubwa kama viatu. Ya tatu ilitoa chenga za kidole. Mama Grisi hakuridhika. Aliiacha ifanye kazi mpaka ikapata moto, na bado chenga zilikuwa zilezile. Ndipo tukalipa.

Sasa mama wa miche anachukua mzigo kila wiki, na ukuta wetu unaonekana tena.

Juzi nilikuwa jikoni. Mashine ilinguruma vibaya, kisha ikanyamaza. Niliacha sufuria motoni. Nikatoka mbio, mdomo umejaa maneno makali.

Mume wangu alikuwa amesimama mbali na mashine. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake.

"Imekwama?" nilifoka.

"Imekwama. Tulia, Mama Watoto. Visu bado vinazunguka."

Nilisimama pale na hasira zangu zote, sina pa kuzimwaga. Basi nikaushika mkono wake, nikaushika kwa nguvu, tukasubiri visu visimame.