Mate ya Tate Priscille

Ukimwambia msomi kwamba mate ni maji tu, atakubali na kukuongezea asilimia. Emerance alikuwa hivyo, na mate ndiyo aliyoyasomea, kwa hiyo msimcheke haraka.

Katika labo ya chuo kimoja cha Bunia, upande wa Mudzipela, alikuwa na panya majike kumi na wawili. Sita aliwadunga homoni ya kiume, ile inayonenepesha tezi za mate chini ya taya. Sita wengine aliwadunga mafuta matupu, wawe wa kulinganishia. Mwishoni angewaua wote, apime tezi zao, aandike mémoire yake, tasnifu ya kumalizia chuo. Alikuwa ameshaanguka mara mbili. Akianguka ya tatu, chuo kingemfukuza.

Jumatatu asubuhi alikuta maranda ya mbao katika kizimba cha wale wa mafuta yamelowa chepechepe. Haukuwa mkojo. Yalinuka tumbaku. Akamshika panya mmoja kidevuni: kimelowa, na tezi zimevimba kuliko za wale waliopewa homoni.

Shuku yake ikaenda moja kwa moja kwa Katsuva, mzee kutoka Butembo aliyesafisha vizimba na kujaza chupa za maji.

"Papa Katsuva, weye njo ulichanganya sindano?"

"Sindano mi sijue, mademoiselle. Mi niko mutu wa maji na maranda."

"Na hii tumbaku?"

"Mi sivutake. Uliza muke yangu."

Hakumwamini hata chembe. Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia. Akamnyang'anya ufunguo, akawa anaingia peke yake. Kesho yake maranda yakawa yamelowa zaidi.

Jumatano saa nane mchana umeme ulikatika, mvua ikapiga mabati, na Emerance akiwa ameinama juu ya daftari lake akasikia mtu akikusanya mate mdomoni, taratibu, kama afanyavyo mzee asiye na haraka wala meno mengi, na alipogeuka hapakuwa na mtu, mlango umefungwa na ufunguo umo mfukoni mwake, ila wale panya sita walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wamejipanga kwenye nyavu, wote wanamtazama yeye, na sauti ile inatoka kwao.

Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya bibi yake.

Kwao Bule, mzee akitaka kumbariki mjukuu humtemea mate viganjani, mjukuu akajipaka kifuani papo hapo. Mwezi uliopita tate yake Priscille, mama mzaa mama, alimwita kwa ajili hiyo kwenye kambi walikokimbilia vita. Bibi, aliyetafuna tumbaku maisha yake yote, alikuwa anakohoa vibaya. Emerance akaogopa kifua kikuu, akatoa kichupa cha labo mfukoni. "Tate, utemee humu. Nitajipaka nikifika nyumbani." Bibi alimtazama sana, kisha akatema. Siku mbili baadaye akafa. Kichupa kikawekwa kwenye friji ya labo bila jina, maana kukitupa aliona haya na kujipaka aliona kinyaa.

Alifungua friji. Hakimo. Akatoka barazani kumtafuta Katsuva.

"Papa, ile kachupa kadogo ya mu frigo, iko wapi?"

"Ya bila jina? Nilimwanga mu maji ya wale ya mafuta. Walikuwa wanakonda, nikazani iko vitamini." Akamtazama usoni. "Pardon, mademoiselle. Ilikuwa sumu?"

Emerance alimpigia simu mama yake mdogo, Léontine, akamweleza yote kwa kunong'ona. Léontine akamjibu:

"Baraka ya muzee haipotee, mutoto. Inatafuta mutu. Sasa wale njo wajukuu yake. Usiwaue. Uwalete, twende nao ku kaburi, tuombe pardon."

"Na mémoire yangu?"

"Mémoire haikukuzala."

Rahisi kusema hivyo kama si wewe utakayefukuzwa. Profesa aliyemsimamia alitaka vipimo Ijumaa. Emerance alilia, nisimsingizie moyo wa jiwe, lakini Alhamisi mchana alivaa glavu, akamtoa wa kwanza wa wale sita wa mafuta. Hakuuma, hakuhangaika. Akaua mmoja baada ya mwingine, akapasua chini ya taya, akapima, akaandika, na kila aliyebaki alisimama akingoja zamu yake, kidevu kikichuruzika mate, harufu ya tumbaku ikizidi hadi macho yakamwasha, na alipomaliza wa sita, kizimba kikiwa kitupu kabisa, akasikia nyuma ya kisogo chake mate yakikusanywa, taratibu, yakikusanywa, yakikusanywa, mpaka kitu baridi kikamtua shingoni, kikateremka hadi chini ya taya.

Alijifuta kwa alkoholi. Akafuta tena. Ngozi ikababuka, ubaridi ukabaki palepale.

Ijumaa asubuhi Katsuva alimkuta ameketi mbele ya mizani, leso mdomoni, imelowa.

"Mademoiselle, iko bien?"

Hakuweza kufungua taya. Alichukua kipimo kile alichopimia tezi, akakibana chini ya sikio lake ambapo palikuwa pamevimba, akasoma. Kisha akavuta daftari, na chini ya mstari wa panya wa sita akaandika namba saba, akajaza milimita.